Wajane wa Wiki Moja

Wiki ile wanaume wengi wa Tanga walikufa bila kuugua, bila kuzikwa, na wengine bila wenyewe kujua. Waliuawa na wake zao, mchana kweupe, kwa kalamu ya wino wa bluu, barazani kwa Mwanasiti huko Nguvumali. Sababu ilikuwa moja tu. Kongamano la Wajane lilikuwa linafanyika Jumamosi, na ukumbi ulichukua watu mia na ishirini.

Mwanasiti alikuwa katibu wa umoja wa wajane, na kazi ya kuandikisha ilikuwa yake. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye ulimi ambao marehemu mumewe, Tahiri, alikuwa akisema unakata vizuri kuliko mkasi wake. Kongamano la kwanza alizunguka nyumba kwa nyumba akibembeleza watu waje, na wakamwambia hawana muda wa kwenda kulia kwenye viti vya plastiki. La pili wakaja mawakili wa kujitolea, wakakaa na wajane mmoja mmoja, na bibi mmoja wa Pongwe akarudishiwa nyumba aliyonyang'anywa na watoto wa kambo. Habari ikaenea. Lilipofika la tatu, mtu fulani akavumisha kwamba mwaka huu kutakuwa na khanga mpya, pilau ya nyama, na mtaji wa biashara kwa kila atakayehudhuria. Basi ujane ukawa kitu cha kutamaniwa.

"Mumeo alifariki lini?" Mwanasiti alimwuliza msichana mmoja aliyejaa hina mpaka kwenye viwiko.

"Nani? Ah! Juzijuzi tu."

"Juzijuzi, nawe umepaka hina?"

"Yeye mwenyewe aliniusia nisihuzunike."

Simu ya msichana ikalia. Akageukia ukutani, akanong'ona, "Niko kwenye foleni, mume wangu. Chakula kimo kwenye hotipoti, funua tu."

"Mpe pole marehemu kwa njaa," Mwanasiti akasema, akafunga daftari. "Anayefuata!"

Foleni nzima ikacheka, ikiwa ni pamoja na wale waliokuwa wamewaacha waume zao nyumbani wamelala. Huo ndio ulikuwa uchovu wa Mwanasiti. Waongo walimcheka mwongo, kisha kila mmoja akasogea mbele na uongo wake.

Hao wa foleni, hata hivyo, aliweza kuwafukuza. Waliomshinda ni wale ambao hawakupanga foleni kabisa.

*

Mwenyekiti wa umoja alikuwa Bi Consolata wa Chumbageni. Huyu alikuwa mjane kweli, wala hakuna aliyemtilia shaka, lakini mumewe alimwachia nyumba ya ghorofa na wanawe wakampa gari, kwa hiyo ujane kwake ulikuwa kama cheo. Alipenda kuuvaa kwenye shughuli.

Jumatano alimwita Mwanasiti nyumbani kwake, akamkaribisha kwenye kiti cha jikoni, huku sebuleni wakiwa wamekaa wageni wake wanakunywa juisi. Akampa karatasi yenye majina.

"Hawa waingize, Katibu. Ni wadau wetu."

Mwanasiti akasoma. La kwanza lilikuwa la Precious, mke wa Edgar Mhina mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alimfahamu. Dakika chache tu zilizopita alipita mbele ya duka hilo, akamwona Edgar anapakia saruji, mzima, anatoka jasho.

"Mama mwenyekiti, hawa si wajane."

"Mwanasiti, ujane si lazima uwe wa kufiwa. Kuna wanawake wana waume lakini wameachwa kimoyo." Bi Consolata alisema hayo bila kupepesa macho. "Halafu Edgar ametupa mahema na viti. Unataka mkewe akae nje kwenye mahema ya mumewe?"

"Nafasi zimeshajaa."

"Zimejazwa na nani? Toa hao wa mashamba. Maramba huko, nani atajua? Hata nauli ya kuja hawana."

"Fomu inataka jina la marehemu."

"Si uandike? Karatasi tu hiyo." Bi Consolata akaangua kicheko kidogo, akarudi kwa wageni wake.

Mwanasiti alisimama jikoni na ile karatasi mkononi. Mtumishi aliyekuwa akimenya viazi alimtazama, kisha akatazama viazi vyake. Jioni ile, barazani kwake, Mwanasiti alichora mstari juu ya majina ya wanawake wa Maramba, mmoja baada ya mwingine, na juu ya mistari hiyo akawaua Edgar Mhina na wenzake. Alijiambia kwamba asipofanya yeye atafanya mwingine. Alijua pia kwamba akivuliwa ukatibu kabla ya Jumamosi hatakaa na wakili yeyote, na yeye wakili alimhitaji kuliko hao wote.

*

Alimhitaji kwa sababu ya shemeji yake.

Tahiri alipofariki, hata eda haijaisha, kaka yake Idarusi alihamia vyumba vya mbele pamoja na mkewe Semeni na binti zao watatu. Alisema amekuja kulinda mali ya marehemu. Nyumba yake mwenyewe kule Mabokweni akaipangisha. Akawa anapokea kodi ya wapangaji wa uani, akawa anachagua nani apewe maji ya kisimani, na sasa alikuwa ameanza kuleta dalali, mtu mfupi mwenye utepe wa kupimia, ambaye alipita vyumbani bila kuvua viatu na kupima ukuta ambao Mwanasiti alikuwa ameegemea.

Alhamisi, Idarusi alikuja barazani, akavuta kigoda, akakaa.

"Shemeji, Semeni naye umwandike."

Mwanasiti akaacha kukanyaga cherehani. "Wapi?"

"Si huko kwenu. Nasikia watu wanapewa mitaji."

"Kule ni kwa wajane, shemeji."

"Najua. Lakini mke wa Edgar umemwandika. Au unadhani mji huu una siri?" Akatabasamu. Alikuwa na tabasamu la mtu anayekuhesabia fadhila. "Mimi nakustahi, Mwanasiti. Dalali wangu amepata mnunuzi. Nimemwambia asubiri kwanza mpaka shughuli yenu ipite. Ukiniona mimi si kitu, nitamwambia aje kesho, na wewe utafunga mizigo kesho."

Semeni alikuwa mlangoni, amejifunga khanga kifuani, anatazama chini. Alikuwa mwanamke mkimya, mnene kidogo, ambaye katika miezi yote ile ya kuishi nyumba moja hakuwahi kumtukana Mwanasiti wala kumtetea.

"Fomu inataka jina la marehemu," Mwanasiti akasema.

"Weka lolote."

"La uongo likihakikiwa tutafukuzwa sote. Lazima liwe la mume wake hasa."

Idarusi akafikiri, kisha akacheka mpaka akapiga goti lake. "Basi niue! Andika Idarusi Mwinyikombo, Nguvumali. Mtaji ukija nitafufuka."

Mwanasiti akaandika. Akauliza tarehe ya kufariki, na Idarusi akaitaja mwenyewe, siku moja ya mwezi wa Rajabu aliyoichagua kwa kuwa, alisema, ni mwezi mzuri. Semeni aligeuka akaingia ndani.

*

Ijumaa jua lilipoanza kupunguza ukali, mwanamke wa makamo alifika barazani akiwa na mfuko wa rambo na viatu vya plastiki vilivyojaa vumbi jekundu.

"Shikamoo, mama," Mwanasiti akasema, akampa kiti.

"Marahaba, mwanangu. Hapa ndiyo kwa Katibu? Mimi Praxeda, wa Maramba. Nilijiandikisha kwa simu wewe mwenyewe ukipokea. Nimeona nije leo, basi la kesho nisije nikachelewa."

Jina lile Mwanasiti alilijua, na alijua mstari uliopita juu yake ulivyokuwa umenyooka.

"Mama Praxeda, nafasi... zimejaa."

"Zimejaa? Na mimi uliniambia ni miongoni mwa wa mwanzo?"

"Yametokea mabadiliko."

Praxeda hakugomba. Ingekuwa afadhali agombe. Alikaa, akaweka mfuko mapajani, akaeleza taratibu kana kwamba labda Katibu hajaelewa. Yeye na mumewe walikuja zamani kufanya kazi katika shamba la mkonge. Walipoacha, wakanunua kipande cha ardhi, wakapanda michungwa kwa mikono yao. Mume alipokufa, ndugu zake walisafiri kutoka bara, wakalala kwake siku za msiba, wakala chakula chake, na walipoondoka walikuwa wameshauza michungwa ingali na maua.

"Walisema wamekuja kunilindia," akasema. "Nikawapikia mpaka mchele ukaisha. Kumbe nawapikia ili wapate nguvu ya kunifukuza."

Semeni alikuwa amekaa kwenye ngazi anachambua mchicha. Mkono wake ulisimama. "Ulikuwa na watoto wa kiume, mama?"

"Mabinti, mwanangu. Mabinti watupu."

Semeni alichambua mchicha ule mpaka yakabaki majani machache, mengine ameyatupa pamoja na mabua.

Nasma, binti wa Mwanasiti anayesoma sekondari, alimwachia mgeni kitanda chake. Mwanasiti alimpikia ndizi na samaki, na Praxeda alishukuru kwa kila kitu, kwa maji, kwa sabuni, kwa mto. Kila shukrani ilimchoma. Alikuwa amejizoesha kumdharau Bi Consolata, kumdharau Idarusi, kuwadharau wale wa hina na hotipoti. Jioni ile dharau ilimgeukia mwenyewe.

*

Jumamosi ukumbi ulijaa mapema. Viti vya mbele vilikaliwa na wadau wa Bi Consolata, wamevaa sare za kitambaa cha zambarau walizoshonesha kwa ajili ya siku hiyo, wananukia udi na marashi, wanapigana picha. Nje, uani, walisimama wajane ambao hawakupata nafasi: wa Mkinga, wa Pangani, wa mitaa ya pembeni, na Praxeda kati yao na mfuko wake wa rambo. Ili wasilalamike sana walifungiwa spika juu ya mlango wasikilize.

Kongamano lilikuwa linafunguliwa kwa kuwataja marehemu wote na kuwaombea, dua ya shehe kwanza, kisha sala ya mchungaji. Bi Consolata alimvuta Mwanasiti pembeni.

"Ile karatasi ya kusoma, umewatoa wale waume wa wadau wetu?"

Hiyo ilikuwa ndiyo kazi aliyoagizwa, na jana yake alikuwa amekusudia kuifanya.

"Karatasi iko tayari," Mwanasiti akajibu, akaenda moja kwa moja kumkabidhi mshereheshaji.

Mshereheshaji alikuwa Zabron, kijana mwenye sauti nzito anayekodiwa harusini na misibani, anayejua kuibadilisha kulingana na malipo. Siku hiyo aliivalisha huzuni. Watu wakainamisha vichwa.

"Kutoka Chumbageni," akaanza, "tunamkumbuka marehemu Alois Kihiyo. Marehemu Rashidi Bakari. Marehemu Edgar Mhina..." Akakohoa. "Edgar Mhina, wa... wa duka la vifaa vya ujenzi?" Akaisogeza karatasi karibu na macho, na kwa mshangao wa kweli, akisahau kwamba kipaza sauti kiko wazi, akasema, "Mbona jana jioni kaniuzia mabati?"

Kisha kicheko kilianzia nje, uani, kwa wale wasio na viti, kikaingia ndani kupitia madirishani. Precious alijifunika mtandio mpaka puani. Zabron, kwa kuwa alikuwa amelipwa asome, akasoma. Akamtaja marehemu mwingine ambaye kila mtu alimjua ni kinyozi wa barabara ya pili na yuko kazini. Akaingia Nguvumali. "Marehemu Tahiri Mwinyikombo. Mungu amrehemu. Marehemu Idarusi Mwinyikombo..."

Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la muuza kahawa, Idarusi alikuwa akimsubiri mkewe na baiskeli yake, kikombe mkononi. Alikuwa amemleta mwenyewe kwenye keria. Wazee wa benchi wakageuka wakamtazama.

"Yakhe, Idarusi," mmoja akasema, "Inna lillahi."

"Kahawa hiyo nani atailipa sasa?" akauliza mwingine.

Kikombe kikamponyoka. Alivuka barabara bila kutazama, akapenya katikati ya wanawake uani, akasimama mlangoni anahema.

Ndani, Bi Consolata alikuwa ameshanyakua kipaza sauti. "Samahanini sana, wageni wetu. Ni uzembe wa Katibu. Tatizo la kutumia watu wasio na elimu. Tutachukua hatua."

Mwanasiti akasimama pale alipokuwa, karibu na meza ya maji.

"Hakuna uzembe, mama mwenyekiti. Kila aliyekaa humu aliletwa na jina la marehemu wake. Wengine uliwaleta wewe. Kama kuna marehemu aliye hai, aseme."

"Mimi niko hai!" Idarusi alipiga kelele mlangoni. "Mwanamke huyu ameniua kwa sababu ya nyumba! Anataka nyumba!"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Lakini kwenye meza ya mawakili, mwanasheria mmoja wa kike, mfupi, mwenye miwani, hakucheka. Aliuliza kwa sauti ya kawaida tu:

"Nyumba ipi, baba?"

"Ya ndugu yangu. Marehemu Tahiri. Mimi ndiye ninayeilinda."

"Ndugu yako ameacha mtoto wa kiume?"

Idarusi alitazama huku na huku kama anayetafuta mtu wa kumjibia, na macho yake yakamwangukia mkewe.

Semeni alikuwa amesimama.

"Anaye," Semeni akasema. "Uweso. Yuko darasa la pili." Hakuwahi kusema mbele ya watu na sauti ilimtoka kwa kukwaruza. "Na mimi si mjane. Mume wangu ndiye yule pale. Tarehe ya kufa aliitaja kwa kinywa chake, anacheka. Kiti hiki kina mwenyewe, yuko nje, ametoka Maramba."

Akatoka kwenye safu akiburuza khanga yake, akapita mbele ya mumewe bila kumgusa, akamshika Praxeda mkono na kumwingiza ndani mpaka kwenye kiti. Kisha msichana mmoja wa zambarau akachukua mkoba wake, akatoka akitazama simu kana kwamba ameitwa. Akafuata mwingine. Precious alitoka kwa mlango wa nyuma. Kadiri viti vilivyobaki wazi, ndivyo wale wa uani walivyoingia, hawakusubiri kukaribishwa, wakakalia viti ambavyo vilikuwa bado vina joto.

Pilau ilitosha. Khanga hazikuwapo wala mtaji; ulikuwa uvumi tangu mwanzo.

*

Mwanasiti alikaa na yule mwanasheria mpaka adhana ya alasiri. Aliambiwa kwamba kaka wa marehemu hana fungu pale alipo mtoto wa kiume, na kwamba nyumba ni yake yeye na watoto wake, kila mmoja kwa sehemu yake. Aliambiwa pia kwamba njia ya kuithibitisha haki hiyo ni ya mahakamani, ni ndefu, na shemeji yake anaweza kuirefusha zaidi. Alipotoka nje, Bi Consolata alimpita bila kumsemesha, na kabla ya wiki kwisha alikuwa ameshapata katibu mwingine, binti wa rafiki yake, msomi.

Nyumbani, Idarusi alikuwa amekaa sebuleni na mlango ameufunga, kwa kuwa watoto wa mtaa walikuwa wanapita dirishani wakitoa pole. Alimsikia mkewe akiingia.

"Umenidhalilisha mbele ya mji mzima," akasema. "Mimi mumeo."

Semeni akavua viatu, akaviweka pamoja. "Nilimwuliza yule mwanasheria habari yetu. Nilimwambia nina mabinti watatu. Akaniambia kwetu sisi tusio na mtoto wa kiume, ukifa kweli, ndugu zako wana fungu. Sasa niambie, baba Tatu. Siku hiyo ikifika, wakija kunilindia Mabokweni, nimwendee nani? Mwanasiti? Baada ya tuliyomfanyia?"

"Ndugu zangu hawawezi kukufanyia hivyo."

"Hata Tahiri alidhani hivyo."

Idarusi alimwambia apike, naye hakupika. Aliingia chumbani akaanza kukunja nguo za watoto, si kwa hasira, bali kama mtu anayejiandaa kurudi kwao. Kwao palikuwa Mabokweni, kwenye nyumba ambayo wapangaji wake walikuwa bado na miezi ya kukaa.

Jumatatu asubuhi dalali alikuja na mnunuzi, mtu wa kanzu safi na simu mbili. Idarusi aliwaona dirishani, akarudi kitandani na kujifunika shuka mpaka kichwani. Semeni ndiye aliyefungua. Alisimama katikati ya mlango, upana wake wote, na ufagio mkononi.

"Tumekuja kumwona mwenye nyumba," dalali akasema, tayari ameshatoa utepe.

"Wako watatu," Semeni akasema. "Mmoja kaenda sokoni kununua uzi. Mmoja yuko sekondari. Na mdogo yuko darasa la pili, wanatoka saa sita. Nyinyi mnamtaka yupi?"